Kununua Si Kuokoa

Hapa Lubumbashi watu wema husema: "Ukikuta mtoto wa sokwe anauzwa, mnunue; usipomnunua atakufa." Siwabezi. Ni vigumu kumpita mtoto yule aliyefungwa kamba kiunoni, kishungi cheupe cha uchanga kingali nyuma yake, vidole vimeng'ang'ania shati la muuzaji kana kwamba ni manyoya ya mama. Nakubali pia kwamba pesa zako zinaweza kumtoa huyo mmoja. Hata hivyo, rai hiyo haisimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, mama sokwe hamwachilii mwanawe. Humnyonyesha miaka minne hadi mitano, na anayetaka kumpata mtoto humuua mama kwanza, mara nyingi pamoja na wanaomtetea. Anayemlipia mtoto amelipia na risasi.

Pili, sisi tumezungukwa na miombo isiyo na sokwe. Sokwe wengi wanaofikishwa huku hutoka misitu ya mbali kaskazini. Hakuna anayesafirisha kiumbe hai masafa hayo bila kutarajia mnunuzi. Ukilipa, umeagiza mwingine, ilhali sokwe jike huzaa takriban mara moja kila miaka mitano. Kwa kasi hiyo ya kuzaa, msitu hauwezi kufidia wanaouawa na wanaouzwa.

Tatu, njia nyingine ipo. Sokwe analindwa kisheria, na serikali ikimtwaa, muuzaji hupoteza mtoto na mtaji pia. Ndiyo maana makao ya sokwe yaliyoanzishwa mjini hapa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau yanaitwa J.A.C.K., Jeunes Animaux Confisqués au Katanga: wanyama wachanga waliotwaliwa, si walionunuliwa.

Je, msimamo huo unahimili uchungu? Septemba 2022 wezi waliingia humo usiku, wakaiba sokwe wachanga watatu, wakadai pesa za kuwakomboa. Wenye makao walikataa kulipa, ingawa watoto hao walikuwa wakiwalea wenyewe. Wapo walioona ni ukatili. Lakini wangelipa, kila sokwe mchanga katika makao ya Afrika angekuwa amewekewa bei.

Basi, ndugu msomaji, siku ukimkuta anauzwa, usitoe hata faranga moja. Shika vizuri mahali, saa na sura ya muuzaji, kisha wajulishe ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi wanyamapori, siku hiyohiyo. Huruma yako ni ya kweli; ipeleke mahali ambapo haitamuua mama mwingine.