Saa Tisa Usiku Anaangalia Nini Kwenye Simu?

Mwezi huu naanza na kuomba radhi, jambo ambalo wanaonifahamu watakuambia silipendi hata kidogo.

Kuna makala niliwahi kuandika kwenye ukurasa huu huu, wengine mtaikumbuka, nikisema kwamba mwanaume anayeamka saa tisa usiku kushika simu ana mtu. Niliandika kwa kujiamini kweli kweli, si unajua tena ukiwa na digrii yako ya mawasiliano unajiona umeshamaliza mambo yote ya binadamu. Nikashauri hivi: usimuulize, usigombane naye, mfuatilie kimya kimya mpaka upate ushahidi. Barua za pongezi zikamiminika. Kumbe mmoja wa waliokata ukurasa ule na kuuweka kwenye pochi ni wifi yangu mwenyewe, mke wa kaka yangu, anayeishi Minnesota kule Marekani.

Aprili 2024 akanipigia. "Wifi, kaka yako ana mwanamke." Akanieleza kwamba usiku ambao haendi kazini, ikifika saa tisa anajigeuza taratibu, anachukua simu, anaifunika na shuka ili mwanga usionekane, anaangalia, anatabasamu, analala. Wakati mwingine hatabasamu, anainuka na kushuka chini. "Nimefanya kama ulivyoandika," akasema. "Miezi mitatu sijamuuliza kitu."

Jamani, nilijisikia vibaya. Siyo kwa sababu nilidhani nimekosea, hapana, nilidhani niko sahihi. Nilijisikia vibaya kwa sababu ni kaka yangu.

Ndoa yao naijua. Kaka anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, wifi ni muuguzi wa mchana. Wanakutana mlangoni, mmoja anavua koti mwingine anavaa. Mtoto wao, Junior, anakabidhiwa kama zamu. Watu wa huku tukiona picha zao kwenye theluji tunasema wameula. Haya.

Mei nikaenda. Kisingizio kilikuwa Komunio ya kwanza ya Junior, lakini wifi na mimi tulijua nimefuata nini.

Nyumba za kule zina chumba kizima chini ya ardhi, wanakiita bezimenti. Humo kaka alikuwa ameweka friji la mitumba, na ndani ya friji ndoo kubwa nyeupe ya lita 23 yenye kidude cha plastiki juu ya mfuniko kinachotoa mapovu, blup, blup. Bia. Kaka anapika bia yake mwenyewe nyumbani. Wifi alijua kuna ndoo, alichukulia ni mambo ya wanaume, kama wengine wanavyofuga njiwa. Na usije ukadhani anavunja sheria: Marekani iliruhusu jambo hili mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini, na nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa mpaka galoni 200 kwa mwaka, yaani kama lita 757, mradi wasiuze. Sisi watoto wa Kibosho tuliosomeshwa kwa mbege wala hatukuwa na la kushangaa.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, kaka aliingia kazini asubuhi, akaunganisha na usiku. Huku nyumbani tulikuwa na kilo 15 za nyama ya mbuzi, na friji la jikoni limejaa keki na soda. Wifi akasema tukaiweke chini. Tulipofungua lile friji nikaona ajabu, halina baridi! Hewa yake ni kama ya asubuhi ya Moshi mwezi wa saba. Ndoo iko mle, na ubavuni imebandikwa waya mwembamba kwa gundi ya karatasi, juu yake kipande cha sponji. Waya ule ulikuwa unaziba njia ya sinia la nyama. Nikaubandua, nikaupitisha nje, nikauacha unaning'inia mlangoni. Mkono uliofanya hivyo ni wangu, na nimeshaungama.

Baada ya dakika chache friji likaanza kuunguruma. "Unaona," wifi akasema, "mkono wako una baraka, lilikuwa limezima." Tukapanda juu tukimenya vitunguu.

Sasa ngoja nikueleze tulichokuwa tumefanya, maana nilikuja kuelezwa na mtu mwenye hasira, na mtu mwenye hasira anaeleza vizuri sana.

Friji la kawaida hukaa kwenye nyuzi 4 hivi. Kwa nyama ni sawa, kwa hamira ya bia ni usingizi. Hamira aliyokuwa anatumia kaka inataka nyuzi 18 hadi 20. Ikipoa sana inalala chini ya ndoo kabla haijamaliza kula sukari. Ikipata joto sana, hasa siku tatu za mwanzo, inafanya fujo, inatoa vilevi vikali vinavyochoma koo na harufu za matunda usizozitaka, mara nyingi harufu ya ndizi mbivu. (Nilimwambia kaka kwamba kwa Mchagga hilo si kosa. Hakucheka.) Na ubaya wake hamira ikila inatoa joto lake yenyewe, hivyo chumba kinaweza kuwa na nyuzi 20 huku ndani ya ndoo kuna 24. Kuangalia kipimajoto cha ukutani ni kujidanganya.

Ndiyo maana kuna kidhibiti joto. Ni kiboksi kidogo kuliko tofali, unakichomeka ukutani, halafu friji unalichomeka kwenye kiboksi. Kina matundu mawili, moja la kupoza, moja la kupasha. Kwenye la kupasha kaka amechomeka mkanda wa joto uliozunguka ndoo, kwa ajili ya majira ya baridi. Lile friji lenyewe limewekwa kwenye baridi ya mwisho kabisa, likiachiwa linaganda, lakini haliachiwi. Kiboksi ndicho kinachokata na kurudisha umeme. Unakiambia nataka 18. Pombe ikifika 18 na nusu, friji linawaka. Ikirudi 18, linazima. Ikishuka chini ya 17 na nusu, mkanda unawaka. Ukiibana zaidi ya hapo, vitu viwili vile vitashindana usiku kucha kama mawifi wabaya. Na kila friji likizima, kiboksi kinasubiri dakika tatu kabla ya kuliwasha tena, kwa sababu kompresa ikiwashwa na kuzimwa haraka haraka inakufa mapema.

Lakini kiboksi chote hicho hakina akili nyingine zaidi ya ule waya. Ncha yake ndiyo sensa. Inabandikwa ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa pombe, na kufunikwa na sponji ili isome pombe na isisome hewa ya friji. Marehemu mama yetu alikuwa anaweka mgongo wa mkono pale pale kwenye pipa la mbege, kisha anasema lisogezeni karibu na moto au lisogezeni mbali. Mimi na kaka tulikuwa tunalisogeza. Ada yake ya sekondari ilitoka kwenye lile pipa.

Basi mimi niliitoa sensa nje. Nje kulikuwa na nyuzi 21. Kiboksi kikadhani pombe ina 21, kikaliamuru friji lipoze. Likapoza. Sensa bado inasoma 21, maana inasoma bezimenti. Likapoza zaidi. Na kaka kule kazini, saa tisa usiku, akaangalia simu. Kiboksi chake ni cha kisasa, kinatumia waifai (usicheke msomaji, Wazungu nao wanaiandika "wifi"), kinamletea namba popote alipo. Akaona 21 imeganda pale pale, akapata hofu kwamba pombe inachemka, akashusha namba kutoka 18 hadi 14 ili kuiokoa. Kadiri alivyoiokoa ndivyo alivyoiua.

Jumapili asubuhi akarudi, akashuka moja kwa moja na viatu. Tukasikia sauti. Pombe ilikuwa na nyuzi 6, imezungukwa na mbuzi mzima. Nyama, nataka uelewe, ilikuwa safi kabisa, na kama nisingeng'oa ule waya ingelala usiku mzima kwenye nyuzi 18 na leo ningekuwa naandika habari ya wageni 30 kuharisha.

Kaka akapanda akiwa na waya mkononi. "Nani ameshika hiki?" Kabla sijafungua mdomo, wifi akalipuka. Miezi mitatu ya kunyamaza ikatoka yote jikoni, mbele yangu na mbele ya mama mmoja aliyekuja kutusaidia kukaanga sambusa. "Baba Junior, unaniuliza waya? Mimi nikuulize huyo wa saa tisa usiku ni nani!" Kaka akamwangalia kama haelewi Kiswahili. Kisha akatoa simu, akaifungua, akampa. Kwenye kioo hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mstari wa joto la ndoo, miezi minne ya mstari, saa kwa saa.

Ungedhani mambo yangeishia hapo kwa kicheko, si ndiyo? Mimi nilicheka. Wifi hakucheka. Aliutazama ule mstari muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini: "Februari Junior alikuwa na homa siku mbili. Ulijua lini?"

Kaka akanyamaza.

"Ulijua siku ya tatu, nilipokuandikia karatasi kwenye mlango wa friji. Joto la ndoo unalijua mpaka nukta, la mtoto wako hulijui."

Msomaji wangu, nimehudhuria semina nyingi za ndoa na nyingine nimeziendesha mwenyewe. Sijawahi kusikia swali zito kama lile, na sikuwa na la kusema. Tukaenda kanisani tukiwa tumevaa vizuri. Junior akapokea Komunio. Mbuzi akaliwa.

Usiku wageni walipoondoka tulikaa watatu kule chini. Kaka alizungumza akiwa anabandika sensa yake upya, haangalii mtu. Alisema kazini kwake kuna usiku anafunga macho ya mzee, anaosha mikono, anaenda kwa anayefuata. Ikifika saa tisa anatamani kujua kwamba nyumbani kuna kitu kinaendelea vizuri, na hawezi kumpigia wifi kwa sababu wifi anaamka saa kumi na moja. Namba haiamki. Na siku za mapumziko mwili umeshazoea ile saa, anaamka tu. Wifi akamjibu: "Ungeniamsha." Kaka akasema, "Hujawahi kuniambia nikuamshe." Jamani, wote wawili walikuwa wanasema kweli! Na ushauri wangu wa usimuulize ulikuwa umekaa katikati yao miezi mitatu, umekunja mikono.

Pombe ilipona. Kaka alipandisha namba taratibu mpaka 20, akaitikisa ndoo polepole bila kufungua mfuniko ili hamira iliyolala chini iinuke, na siku ya pili ikaanza tena, blup. Hakuijaza kwenye chupa haraka, na hapo usifanye mchezo: pombe isiyomaliza kuchachuka ukiifungia kwenye chupa inapasua chupa. Alipima uzito wake kwa kile kipimo cha kuelea, siku tatu mfululizo, mpaka namba ikakataa kushuka: kutoka 1.050 ya mwanzo hadi 1.012, yaani kilevi cha asilimia 5 hivi. Nilionja kabla ya kuondoka. Kwa mbali ilikuwa na harufu ya siagi, ndiyo alama ya hamira iliyolazwa kabla haijasafisha uchafu wake. Kaka alinikazia macho, akaniambia ninywe yote.

Mambo mengine yaliyofuata ni madogo madogo. Friji lile limewekwa kufuli, kwa sababu ya Junior, na nilishangaa hakuna aliyeliwaza mapema. Nyama haiingii tena mle. Friji la mitumba la pili lilinunuliwa, na nililichangia kwa sababu nina hatia. Kengele ya simu inalia tu ikiwa ndoo imeshuka chini ya 16 au imepita 21. Kazi ya usiku bado ipo, usiku nne kwa wiki, na wifi bado anasema nyumba ile ni kubwa mno akiwa peke yake. Hilo sijaweza kulitatua na sitajifanya nimelitatua.

Ile programu wifi naye amewekewa kwenye simu yake, aliidai mwenyewe. Mwezi uliopita alinipigia mchana wa kwao, huku kwetu ni usiku wa manane, nikadhani kuna msiba. "Wifi, imefika 19 na nusu na kaka yako amelala, nimwamshe?"

Nikamwambia amwamshe.