Kamerhe: kiti mara mbili, kujiuzulu mara mbili

Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu, amekuwa spika wa Bunge la Taifa mara mbili, na mara zote mbili ameondoka kabla ya muda.

Alichaguliwa mwisho wa mwaka 2006. Machi 2009 alijiuzulu, baada ya kusema hadharani kwamba hakuarifiwa jeshi la Rwanda lilipoingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni ya pamoja. Mwaka 2010 aliunda chama cha UNC, na 2011 akagombea urais. Mwaka 2020, akiwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mali ya umma. 2022 mahakama ya rufaa ikamwondolea hatia. Mei 2024 akarudi kitini. Septemba 2025 akajiuzulu tena, wabunge wenzake walipotaka aondoke.

Tuangalie jambo moja. Mara zote mbili, waliomsukuma atoke walikuwa wa kambi ileile iliyompandisha. Spika huwekwa na wabunge, na wao ndio humwondoa. Lakini mbunge hutumwa na wananchi. Desemba 2023, ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Nani atadai hesabu kwa niaba yao?

Basi tusishangilie mtoto wa Mashariki kwa sababu tu amepata kiti. Tumuulize, yeye na wenzake: ulipokaa pale, ulisema nini juu ya waliokimbia makwao?