KABLA HUJAFUNGA SOLA, LETA RISITI ZA LUKU



Ndugu zangu, juzi baada ya Alasiri alinijia mama mmoja, jirani wa msikiti, muuza barafu na juisi ya ukwaju. Akasema: "Shekhe, wamepita vijana wa sola. Wanasema nikifunga nitaagana na LUKU. Nilipe 45,000 kila mwezi kwa miezi 24. Je, ni halali?"

Nikamjibu, "Mama, kabla ya halali na haramu, nionyeshe meseji zako za LUKU." Tukazihesabu pale barazani. Anatumia kama uniti 55 kwa mwezi.

Sasa sikilizeni vizuri. Huku Tanzania Bara, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa shilingi 100. Ukiongeza kodi na tozo inafika 122. Uniti 55 ni kama shilingi 6,700, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo humo, nayo sola haiiondoi. Huyu mama alikuwa anakwenda kulipa 45,000 ili aokoe 6,700! Jumla ni 1,080,000. Miaka zaidi ya 13 ndipo pesa yake irudi.

Aliye kwenye kundi la uniti ya 292 kabla ya kodi, hesabu yake ni nyingine. Kila uniti anayoipata juani inamwokolea zaidi ya 350. Huyo sola inaweza kumfaa, tena sana. Kwa hiyo usimwige jirani, jua kwanza wewe uko kundi gani.

Ama kuhusu halali: kuuza kwa mafungu kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, wanazuoni walio wengi wamelijuzisha, kwa sharti mkubaliane bei moja kabla hamjaachana. Shida iko kwenye maandishi madogo ya chini: ukichelewa, deni linaongezwa asilimia kadhaa. Nyongeza hiyo ndiyo riba yenyewe. Suratul Baqara aya ya 280 inatuelekeza kinyume chake, kwamba mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka apate nafuu. Mkataba wa yule mama ulikuwa na maandishi hayo. Hakuwa ameyaona, yameandikwa Kiingereza.

Nisijifanye mjuzi. Miaka michache nyuma tulichangisha pesa kwa ajili ya madrasa, tukanunua paneli ya wati 200 na betri tuliyoambiwa ni ya sola. Kumbe ni betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, haikutengenezwa kunyonywa usiku kucha. Mwezi wa nane ikafa. Aliyetuuzia alijua anachouza. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji na kumtangaza mdanganyifu kuwa si katika sisi. Betri ile ilikuwa nafaka yetu iliyolowa.

Lakini sijitoi. Pesa ilikuwa ya waumini, aliyetia sahihi ni mimi, na sikuuliza hata swali moja. Nimeirudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu kwa mwaka mzima. Sisemi ili nisifiwe, nasema kwa sababu wapo viongozi wa misikiti wanaosoma hapa.

Laiti ningepiga hesabu. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu tumia nusu tu. Nusu hiyo ni feni moja ya wati 60 kwa saa 10. Feni moja! Ya lithiamu inakupa zaidi ya asilimia 80 na inaishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ujipange.

Mara ya pili hatukununua betri kabisa. Kilichokuwa kinakula uniti msikitini ni pampu ya maji ya udhu. Tukaiunganisha na paneli moja kwa moja. Inavuta maji toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, tangi linajaa, watu wanatawadha Magharibi, Isha na Alfajiri. Tangi ndiyo betri yetu. (Wale wanaopunguza gharama kwa kuruka mita, huo ni wizi, nitawaandikia siku yao.)

Yule mama nilipomuuliza vizuri, kumbe kinachomuuma ni umeme kukatika na barafu kuyeyuka. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na ubaridi siku nzima na zaidi. Nikamwambia ajaze nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji, mkataba aurudishe bila kusaini. Ameurudisha.

Mwenye swali, alete meseji zake za LUKU za miezi mitatu, Jumamosi baada ya Isha. Na mkataba pia, tuusome pamoja.

Wallahu aalam.