Eti mtu mzima hakosi pa kulala



Nina miaka 44, ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu, na tangu Oktoba ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja cha umma jijini Dar es Salaam. Chuo sikitaji, maana mitihani yangu bado iko mikononi mwao.

Siku ya kuripoti nilifika ofisi ya mshauri wa wanafunzi na begi langu na godoro la inchi nne nililolinunua Kariakoo. Jina langu halikuwamo kwenye orodha ya vyumba. Kijana aliyekuwa mezani, mwenye adabu zake, aliniamkia, akatazama kompyuta, akasema: "Mama, vitanda ni vichache, tumewapa kwanza hawa watoto waliotoka kidato cha sita. Wewe ni mtu mzima, huwezi kukosa pa kujishikiza."

Watoto kutangulizwa sina ugomvi nako. Binti wa miaka 19 anayeshuka stendi ya Mbezi hajui Ubungo wala Temeke, na mimi mwenyewe ninaye wa umri huo nyumbani. Ugomvi wangu ni hilo neno "mtu mzima", linavyotamkwa kana kwamba limekuja na kodi ya nyumba ndani yake. Mimi nami nilishuka stendi hiyohiyo, na miguu imevimba kwa safari.

Watu hudhani mwalimu aliye kwenye ruhusa ya masomo ana mshahara, kwa hiyo ana hela. Mshahara upo. Benki inaukata kwanza kwa mkopo niliolipia ada, na unaobaki unaishia Kasulu kwa watoto watatu na mama yangu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo siwezi kuomba, kwa kuwa sharti ni mwombaji asiwe na ajira ya mshahara. Wenzangu wakishangilia boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo huo, mimi napiga makofi tu.

Nilizunguka na dalali siku tatu. Chumba kimoja, choo cha nje cha kuchangia, LUKU moja ya umeme kwa wapangaji sita: shilingi 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye mwezi wake mmoja. Ni 490,000 kabla sijanunua hata ndoo.

Basi nikabebwa. Waliopita vyuoni wanajua kubebana: aliyepata kitanda anamlaza aliyekosa, kinyume cha sheria za bweni. Nilibebwa wiki tano na binti ambaye ningeweza kumzaa. Kitanda chake kilikuwa cha juu. Kila usiku nilipanda ile ngazi ya chuma huku goti la kushoto likilia, na wasichana wengine watatu wakijifanya hawasikii. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu kwake. Ukaguzi ukija, nilichukua ndoo nikajifungia bafuni kama anayeoga. Mimi, mwalimu mkuu msaidizi! Wale mabinti walinitunza, sitawasahau. Ila simu za wachumba wao walikwenda kuzipokelea ngazini, wakinong'ona kwamba mama amelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nahesabu siku ambazo nimewanyang'anya chumba chao.

Sasa nimehamia kwa binamu yangu Chanika. Natoka saa kumi alfajiri kuwahi kipindi cha saa moja, na jioni naiacha maktaba ikiwa ndiyo kwanza inajaa, nigombanie daladala. Kazi za vikundi hufanyika usiku bwenini. Wenzangu hunitumia kwenye simu yale waliyokwisha kuyaamua.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii ilishawahi kuwa na chuo kikuu cha watu wazima. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Baba yangu mdogo aliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo akitokea kazini Reli, ana mke na watoto wawili, akapewa chumba bila mtu kumwuliza umri. Utaratibu ule ulikuwa na kero zake, baadaye ukalegezwa, wala siombi urudi. Nakumbusha tu kwamba mtu mwenye ndevu kuwa na kitanda chuoni halikuwa jambo la ajabu.

Tutaambiwa hakuna majengo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zina nafasi za wanafunzi 3,840 na hazikuchukua hata mwaka kujengwa, kwa hiyo panapo nia majengo huinuka. Lakini sisi wakubwa hatuko wengi kiasi cha kudai ghorofa letu. Fomu ya chumba chuoni kwetu inauliza jinsia, mwaka wa masomo na ulemavu. Haiulizi kwenu ni wapi. Darasani kwangu yupo kijana wa Tabata ambaye kila Ijumaa anarudi kwao kufuliwa nguo, na kitanda anacho. Wa Kasulu hana. Uongezwe mstari mmoja kwenye hiyo fomu, na vyumba vichache vya chini, visivyo na ngazi za kupanda, vitengewe waliovuka miaka 30 na kutoka mikoani. Tutalipa bei ileile, hata ikizidi kidogo tutavumilia.

Maombi ya vyumba vya mwaka ujao yakifunguliwa nitajaza tena. Godoro langu bado liko bwenini kwa yule binti, limesimamishwa nyuma ya mlango.

Mwalimu na mwanafunzi,
Chanika, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)