KASINZIA LAIVU, MSHAMUITA TEJA?

Wadau, binti mmoja wa Kilwa Kivinje (jina kapuni) kasinzia akiwa laivu Instagram, tayari mmeshamvika uteja. Wengine eti jini mahaba! Dada wa watu miezi kibao usiku halali, kaenda mwenyewe hospitali ya Kinyonga, kapewa amitriptilini. Mdomo kukauka, usingizi kumganda mpaka asubuhi: hayo ni maudhi ya dawa yanayojulikana, na daktari anaweza kupunguza dozi. Ila kwa kejeli zenu anataka kuitupa, na mashoga zake wanampenyezea Valium bila cheti. Hiyo ndiyo yenye uteja sasa! Ukiizoea ukaacha ghafla, hata degedege la mtu mzima linakupata. Mbona hapo hamkomenti?