Unga wa Leo na Nyumba ya Kesho

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetafuta chumba cha kupanga hukutana na sharti ambalo wengi wetu twalijua: alipe kodi ya miezi sita, na pengine ya mwaka mzima, kabla hajakabidhiwa ufunguo. Mshahara wake huja kwa mwezi, lakini kodi yadaiwa kwa mwaka. Basi hukopa kazini, hukopa kwa jamaa, au hungoja zamu yake ya upatu. Na akisha kuingia katika chumba hicho, miezi inayofuata ni ya kulipa deni na kununua unga. Mtu huyu akiambiwa, "Weka akiba ujenge nyumba yako," hatajibu kwa ukali, kwa kuwa ana adabu. Lakini moyoni atauliza: akiba hiyo niitoe katika chungu gani?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Siku hizi serikali nyingi zimekubali kwamba si haki kumwachia mwananchi peke yake mzigo wa gharama za nyumbani na mzigo wa kupata makao. Jambo hilo ni jema. Lakini haitoshi kusema kwamba serikali itasaidia. Yatupasa kuuliza msaada huo ni wa namna gani, na humfikia nani kwanza. Maana upo msaada uendao kwa mwenye haja, na upo msaada ambao, ingawa huitwa wa wananchi wote, huishia mezani kwa aliyekwisha kushiba.

Tutazame nchi ya Canada, ambayo mwaka 2023 ilifanya mambo mawili karibu kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa msaada wa chakula. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda mno, na mwezi Julai mwaka huo Serikali ilizipelekea kaya zenye kipato kidogo na cha kadiri fedha za kuwasaidia kwa mara moja. Mtu aliye peke yake bila watoto aliweza kupata hadi dola 234, na mume na mke wenye watoto wawili hadi dola 467. Kadiri kipato kilivyokuwa kikubwa, ndivyo msaada ulivyopungua, na mwenye mali hakupata kitu.

La pili lilikuwa akaunti ya akiba kwa ajili ya nyumba ya kwanza, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2023. Mtu mzima asiye na nyumba aweza kuweka humo hadi dola 8,000 kwa mwaka, na kwa jumla dola 40,000. Fedha anazoweka huondolewa katika hesabu ya kipato kinachotozwa kodi; na siku akizitoa kununua nyumba yake ya kwanza, hatozwi kodi juu yake wala juu ya faida iliyozaliwa humo. Ni mpango uliotengenezwa kwa akili, na hapana shaka umewafaa vijana wengi.

Walakini, tuufanyie hesabu. Katika mwaka huo wa 2023, kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya Serikali Kuu ya Canada kilikuwa asilimia 15, na cha juu asilimia 33. Mtu wa kiwango cha chini aliyeweza kuweka dola 8,000 zote alisamehewa kodi ya dola 1,200. Tajiri wa kiwango cha juu, kwa dola 8,000 zile zile, alisamehewa dola 2,640. Na yule ambaye kipato chake chote kilimezwa na pango na chakula, hata asiweze kuweka dola moja, hakusamehewa chochote. Akiba ni ile ile na sheria ni ile ile, lakini mkono wa Serikali ulikuwa mzito kwa mwenye nacho na mwepesi kwa asiye nacho.

Hatusemi haya ili kuicheka Canada. Twayasema kwa sababu mpango wa namna hiyo ni rahisi kuigwa, na huenda siku moja mtu akatuletea hapa kwetu akiusifu. Basi tuupime kwa mizani ya mshahara wetu wenyewe.

Tuchukue viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Tanzania Bara mwezi Julai 2021. Apataye Shs. 270,000 kwa mwezi au chini ya hapo hatozwi kodi hiyo kabisa. Kinachozidi hapo, hadi Shs. 520,000, hutozwa asilimia 8. Viwango huendelea kupanda, hata sehemu ya mshahara inayozidi Shs. 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Sasa tuwaweke wafanyakazi watatu mbele yetu. Wa kwanza ni mlinzi apataye Shs. 250,000. Wa pili ni mtumishi wa umma apataye Shs. 500,000, kima cha chini kilichowekwa Julai 2025 kutoka Shs. 370,000. Wa tatu ni mkubwa wa ofisi apataye Shs. 2,000,000. Kila mmoja ajinyime na kuweka Shs. 50,000 kwa mwezi kwa ajili ya nyumba, nazo ziondolewe katika hesabu ya kodi. Mkubwa wa ofisi atapata nafuu ya Shs. 15,000. Mtumishi wa kima cha chini atapata Shs. 4,000. Mlinzi, ambaye Shs. 50,000 ni moja ya tano ya mshahara wake wote, hatapata hata senti, kwa kuwa hana kodi ya kusamehewa.

Hiyo si haki. Aliyejinyima zaidi ndiye aliyesaidiwa kidogo zaidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na sheria ya kodi, ikiachwa peke yake, haimjui kabisa.

Ipo njia nyingine. Mwezi Septemba 2018 Uingereza ilianzisha mpango wa akiba kwa wafanyakazi wa kipato kidogo ambao tayari walikuwa wakipokea msaada wa Serikali. Mpango huo haukufungwa kwa nyumba tu. Mtu aliruhusiwa kuweka hadi pauni 50 kwa mwezi, na Serikali ikamwongezea nusu ya akiba yake, hadi pauni 1,200 katika miaka minne. Hapo msaada hautegemei ukubwa wa kodi ya mtu. Hutegemea jasho lake na haja yake. Mlinzi wetu angeweka Shs. 50,000 chini ya kanuni kama hiyo, angeongezewa Shs. 25,000, na mkubwa wa ofisi angeambiwa kwa heshima kwamba yeye aweza kujitegemea.

Kwa hiyo sisi twasema kwamba mambo haya mawili, unga na nyumba, yana utaratibu wake. Kwanza kaya iweze kula na kulipa pango. Ndipo akiba iwezekane. Katika hilo la kwanza nchi yetu haikuanza jana. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF, umepeleka fedha kwa kaya zilizo dhaifu kuliko zote. Mwezi Juni 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya Shs. bilioni 100. Ruzuku hiyo ilimsaidia abiria wa daladala, lakini ilimsaidia pia mwenye gari kubwa, tena kwa kila lita aliyonunua. Tofauti ya misaada hii miwili yafaa kukumbukwa kila bajeti inapoandikwa.

Katika hilo la pili, la nyumba, mpango wowote hauna budi kumfuata mwananchi anavyojenga. Mfanyakazi wetu wa kawaida hanunui nyumba iliyokwisha kujengwa. Hununua kiwanja kwanza. Mwaka unaofuata hufyatua matofali. Kisha husimamisha ukuta, hungoja bati, na mara nyingi huhamia kabla madirisha hayajatiwa. Akiba yake ni ile rundo la matofali lililoota majani. Akaunti itakayofunguliwa tu siku ya kununua nyumba nzima haitamfaa. Imruhusu kutoa fedha kwa ajili ya kupima kiwanja, kupata hati, kununua saruji na bati, kila hatua kwa risiti yake.

Wako watakaosema kwamba fedha za Serikali zitapandisha bei, na wenye viwanja watazimeza zote. Neno hilo lina ukweli. Fedha zikiongezeka na viwanja visiongezeke, atakayeneemeka ni dalali. Kwa hiyo upimaji wa viwanja uende pamoja na akiba. Wako pia watakaosema kwamba msaada huwalemaza watu. Hao twawauliza: ni uvivu gani wa mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi kazini, na bado akatenga sehemu ya mshahara wake kwa matofali?

La mwisho ni ulinzi wa fedha zenyewe. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa mwaka 1972 ili mwananchi apate mkopo wa kujenga. Ilikuwa nia njema. Lakini mikopo mingi haikurejeshwa, na mwaka 1995 benki hiyo ilifungwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mfuko wowote wa akiba za wafanyakazi uwe na wajumbe wa wafanyakazi wenyewe katika kuusimamia, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka, zikiwa pamoja na orodha ya wakopaji wakubwa wasiolipa.

Ndugu wafanyakazi, msidanganywe na jina zuri la mpango. Siku mtakapoletewa mpango wa akiba ya nyumba, ulizeni swali moja kwanza: mlinzi wa mlangoni atapata kiasi gani? Jibu likiwa si kitu, urudisheni ukatengenezwe upya.