Msaada Utukute Kazini

Kuna maneno mawili ambayo siku hizi husikika karibu katika kila mkutano wa kijiji: mfadhili atakuja. Kisima kimekauka, mfadhili atakuja. Daraja limechukuliwa na maji, mfadhili atakuja. Zahanati imefika kwenye lenta, kuta zaanza kuota majani, na bado twaambiana kwamba mfadhili atakuja. Sisi tunaozunguka matawini tumeyasikia maneno haya mpaka tumechoka nayo. Leo twapenda kusema bila kuficha ya kuwa yanatudhoofisha kuliko umaskini wenyewe.

Hatusemi kwamba msaada ni haramu. Twasema kwamba kijiji kinachongoja hakipati kitu, na kikipata, hupata kitu cha mtu mwingine kilichowekwa katika ardhi yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1965 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliukata msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya ubalozi mdogo nchini. Mwalimu Nyerere aliona ni afadhali kuukosa na msaada wao mwingine kuliko kuchaguliwa marafiki. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule nchi yetu ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni 7,500,000 ukapotea. Nchi haikufa. Azimio la Arusha lilipotoka mwezi wa Februari 1967, liliwaambia wananchi kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linaloishi kwa zawadi na mikopo ya wengine linauhatarisha uhuru wake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. Basi tutazame ya juzi. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID, lililoundwa mwaka 1961, likafikia mwisho wa kazi zake. Katika nchi nyingi za Afrika miradi ilisimama katikati, na watumishi wakaambiwa warudi nyumbani. Uamuzi huo ulifanywa Washington. Hakuna mkutano mkuu wa kijiji hata mmoja ulioulizwa, wala hatuna haki ya kulalamika, maana fedha ilikuwa yao. Wahenga walikwisha sema: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Lakini somo kubwa kuliko yote limo katika maji. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea shabaha kwamba katika muda wa miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Shabaha ilikuwa njema. Fedha nyingi ikatoka nje, na mikoa ikawa kama imegawanywa baina ya wafadhili: Finland ikashika Mtwara na Lindi, Sweden ikashika mikoa ya Ziwa, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Norway ikashika Rukwa na Kigoma, Uholanzi ikashika Shinyanga na Morogoro. Wageni hawa walifanya kazi, na watu wakanywa maji. Si haki kulikana hilo. Walakini kila mmoja alikuja na mafundi wake na namna yake ya kufanya mambo. Finland, kwa mfano, ilileta pampu zake za Nira. Wananchi walihesabu kwamba pampu ni ya mfadhili. Basi ilipovunjika, wakamngoja mwenyewe aje kuitengeneza. Mwaka 1991 ulifika na shabaha haikutimizwa. Sera ya maji ikabidi ibadilishwe, na wanakijiji wakaambiwa wachangie na kuutunza mradi kuwa ni wao. Hilo ndilo lililokuwa lisemwe siku ya kwanza.

Tusije tukadhani, kwa upande mwingine, kwamba nguvu za mikono peke yake zatosha. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru wananchi waliitikia mwito wa kujenga taifa kwa moyo wa ajabu. Walijenga madarasa na zahanati kwa kujitolea, wakajenga kwa wingi hata Serikali ikashindwa kupeleka walimu na waganga wa kuyajaza majengo yote. Na leo twayaona maboma ya shule yaliyosimama miaka kadhaa bila paa, kwa kuwa wananchi walimaliza sehemu yao na hakuna aliyekuwa ameuliza mapema bati litatoka wapi. Jasho lisilo na mpango nalo hupotea.

Njia iliyo sawa, basi, ni hii: kijiji kiamue, kijiji kianze, ndipo kijiji kiombe ile sehemu isiyoweza kutoka katika mikono na mifuko yake. Mchanga tunao, mawe tunayo, matofali twaweza kufyatua. Saruji, nondo, bati na pampu ndivyo vinavyotushinda. Basi tuombe saruji tukiwa na mchanga kwenye kiwanja, na si kuomba jengo zima tukiwa tumekaa chini ya mwembe.

Uwezo wa kuamua tunao, wala hatukopeshwi na mtu. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, halmashauri ya kijiji iliyoandikishwa ni chombo kamili: chaweza kumiliki mali, kufanya mkataba, kushitaki na kushitakiwa. Juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000, na kila kimoja kina haki hiyo. Lakini ni vingapi vinavyoitumia? Mara nyingi mradi huletwa ukiwa umekwisha kuandikwa mjini, mwenyekiti hupewa kalamu atie sahihi, na wananchi huusoma kwenye kibao baada ya kazi kuanza. Mradi wa namna hiyo, hata ukiwa mzuri, umetunyang'anya kitu kikubwa kuliko ulichotupa.

Sasa, fedha iko wapi? Tuanze nyumbani kabla ya kutazama ng'ambo.

Kwanza iko fedha ya halmashauri zetu wenyewe. Sheria yaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, si zawadi. Sharti urudi ili kikundi cha jirani nacho kipate. Mwaka 2023 Serikali iliusimamisha utaratibu huo kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, na haukurudi mpaka 2024. Vikundi vya kweli vikakaa bila mtaji kwa kosa la vikundi vya uongo. Anayeunda kikundi hewa hamwibii waziri. Amwibia mama anayeuza samaki na kijana mwenye cherehani.

Pili uko Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha si ya mfukoni mwake. Ni ya kumalizia kazi ambazo wananchi wamezianza, kama zile kuta zisizo na paa. Kijiji kisichopeleka ombi lake kisimlaumu Mbunge peke yake.

Tatu uko Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000. Umejenga madarasa, zahanati na visima vingi, na wananchi wamechangia nguvu zao. Ila tukumbuke kwamba fedha yake nyingi imetoka katika mikopo ya Benki ya Dunia. Mkopo hulipwa na mlipa kodi, nasi ndio walipa kodi. Basi asiseme mtu kwamba fedha ya TASAF haina mwenyewe.

Baada ya hayo tutazame nje, bila haya na bila kupiga magoti. Mfuko wa Mazingira wa Dunia una ruzuku ndogo kwa vikundi vya wananchi, zilizoanza mwaka 1992 chini ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja, na kazi yake ni misitu, ardhi, maji na nishati. Japani nayo ina ruzuku za miradi midogo ya wananchi, mpango ulioanza mwaka 1989. Hiyo hujenga na kununua vifaa, lakini kwa kawaida hailipi mishahara wala gharama za kuendesha. Tuliangalie sana neno hilo la mwisho. Mfadhili akijenga wodi, dawa na mafuta ya jenereta ni juu ya nani? Kama swali hilo halijajibiwa mkutanoni na kuandikwa katika muhtasari, bora jengo lisianze.

Ndugu wengi hutuambia kwamba wameshindwa kwa sababu andiko la mradi ni kazi ya wataalamu. Hatukubali. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kwamba andiko la mradi halina tofauti kubwa na andalio la somo. Mwalimu huandika: nafundisha nani, kwa lengo gani, kwa hatua zipi, kwa vifaa gani, na nitajuaje kwamba wameelewa. Mradi nao ni vivyo hivyo. Shida ni ipi, na yamgusa nani? Mkutano gani uliamua, tarehe ngapi, watu wangapi walihudhuria? Kijiji kimetoa nini mpaka sasa? Chaomba nini hasa, na kwa bei gani ya dukani? Nani atatunza fedha, na nani mwingine atamkagua? Ikivunjika, nani atatengeneza, na kwa mchango wa shilingi ngapi kila mwezi? Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuandika hayo kwa Kiswahili safi katika kurasa nne. Wakidai Kiingereza, tutafute kijana wetu aliyesoma atafsiri. Kazi ya kufikiri iwe imekwisha kufanyika kwa lugha ambayo mkutano mzima waielewa.

Na hapa twataka kuonya. Wako watu wanaojiita washauri, wanaopita vijijini na mikoba na kuahidi ruzuku. Huomba ada ya fomu, au sehemu ya fedha kabla haijapatikana. Andiko lao ni moja. Hubadili jina la kijiji tu, na wakati mwingine husahau hata kulibadili. Mfadhili wa kweli hauzi fomu. Atakaye fedha ili akuletee fedha, mwonyesheni njia ya kutokea.

Vilevile tusijidanganye kwamba mwizi siku zote ni mgeni. Fedha ikifika kijijini, mapato na matumizi sharti yasomwe mbele ya mkutano mkuu na kubandikwa ukutani, hata kama ni bei ya misumari. Kiongozi anayekasirika akiulizwa hesabu amekwisha kujibu swali.

Kwa wanachama tuna neno la mwisho. Mwanachama hakujiunga ili avae sare siku ya sherehe. Katika tawi lake aulize: mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini? Muhtasari uko wapi? Katika kazi tatu tunazozihitaji kuliko nyingine, ni ipi tuliyokwisha ianza? Kamati ya maji ina akiba kiasi gani, na fundi wake ana spana? Haya si maswali ya upinzani wala ya fitina. Ni maswali ya mwenye nyumba. Na wanawake, ambao ndio wanaobeba ndoo, wasiitwe mkutanoni kupika chai. Wawe wa kwanza kusema kisima kikae wapi.

Tukifanya hivyo, mfadhili akija atawakuta watu wamekunja mikono ya nguo zao, mawe yamekusanywa, na daftari la hesabu liko wazi. Ataamua mwenyewe kama atatia mkono. Akitia, tutamshukuru kama jirani. Akikataa, au akiitwa kwao kesho kama walivyoitwa wengine mwaka 2025, tutamwaga safari njema, nasi tutarudi kiwanjani, maana msingi tuliochimba ni wetu, na ujenzi utaendelea, hata kama utakwenda polepole.